Maswali yenu: umepinduka na guta, sasa unarudi barabarani

Barua za safari hii zimetoka mkoa wa Kigoma, na karibu zote zina habari moja: mtu ameendesha bodaboda kwa miaka, amenunua guta la injini la magurudumu matatu la kubebea mizigo, kisha amepinduka nalo kabla hajalizoea. Maswali ya mashine yamejibiwa na mafundi wetu, na ya mwili na mtaalamu wa fiziotherapia. Barua tumezifupisha.

SWALI: Habari za kazi. Nimeendesha bodaboda miaka mingi bila ajali ya maana. Nikanunua guta, na wiki ya pili tu nikawa nateremka kutoka Mwanga kwenda stesheni na mzigo wa wastani. Kwenye kona ya kulia guta likakataa kukata, likaingia mtaroni kushoto na kupinduka. Fundi amekagua stelingi, anasema ni nzima. Sasa nakosea wapi? (Dereva, Gungu)

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Fundi wako hajakudanganya. Kilichokupeleka mtaroni ni mikono yako mwenyewe.

Pikipiki ya magurudumu mawili ikishashika mwendo hukata kona kwa kulala. Ili ilale kulia, dereva huusukuma mkono wa kulia wa stelingi mbele kidogo. Hakuna aliyekufundisha hilo. Mwili umejifunza wenyewe, ndiyo maana hujui hata kama unalifanya. Guta halilali. Ukisukuma mkono wa kulia mbele, gurudumu la mbele linatazama kushoto na guta linafuata huko huko. Kwa mwendo wa taratibu hutaona tatizo, kwa sababu hata bodaboda ikienda polepole hugeuzwa kwa stelingi. Tatizo linakuja mwendo ukizidi, kona ikibana na wewe ukishtuka: hapo mwili unafanya ulichozoea. Kona ya kulia inakutupa mtaroni. Ya kushoto inakupeleka kwa magari yanayokuja, na hiyo ndiyo inayoua.

Dawa yake ni mazoezi, kusoma peke yake hakutoshi. Tafuta uwanja wa mpira asubuhi kabla watoto hawajaingia, guta likiwa tupu. Anza na gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, uzungushe duara kamili kulia, kisha kushoto, huku ukisema kwa sauti ukipenda: kona ya kulia, navuta mkono wa kulia, nasukuma wa kushoto. Viwiko vikunjwe, usivikaze. Kiwiliwili kiiname ndani ya kona, yaani ukikata kulia bega lako la kulia lishuke. Guta lenyewe litainama upande wa nje, na hapo ndipo wengi wanadhani linaanguka, wanaachia kona katikati na kwenda moja kwa moja. Kaa na hisia hiyo mpaka ikuchoshe.

Duara zikikaa sawa, panga matofali matano katika mstari, hatua nane kati ya moja na jingine, upite kwa kupindapinda kwa kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Usiangalie tofali la mbele ya gurudumu; angalia linalofuata. Kisha fanya breki: mwendo wa 20, stelingi imenyooka, simama, halafu 30. Mwisho weka matofali mawili yakiachana upana wa magurudumu ya nyuma pamoja na kiganja kimoja kila upande, upite katikati kwa mbele na kwa rivasi. Zoezi hili la mwisho watu hulidharau, na ndilo linalokufundisha kwamba nyuma yako kuna upana ambao bodaboda haikuwa nao. Gurudumu la mbele na yale ya nyuma hayapiti njia moja. Shimo utalikwepa kwa gurudumu la mbele, la nyuma likatumbukia.

Usiongeze mzigo mpaka siku utakaporudia mazoezi yote bila kuwaza mkono upi unavuta. Hapo weka nusu mzigo na uanze tena kwenye duara, maana guta lenye mzigo na guta tupu si chombo kimoja: tupu linarukaruka na gurudumu la ndani la nyuma hunyanyuka upesi, lenye mzigo linatulia, ila likianza kwenda halirudi.

Mambo mawili zaidi kuhusu ile kona yako. Kwanza, nguvu inayokusukuma nje huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kona ile ile, ukitoka kilomita 20 kwenda 40 kwa saa, nguvu inakuwa mara nne. Pili, guta ni pembetatu yenye ncha nyembamba mbele. Ukishika breki katikati ya kona, uzito wote unakimbilia kwenye ile ncha, na chombo kinapinduka kimshazari, upande wa mbele wa nje ukitangulia. Kwa hiyo maliza breki zote wakati stelingi bado imenyooka, ndipo uingie kona. Na ukihisi gurudumu la ndani limenyanyuka, nyoosha stelingi kidogo na upunguze mafuta taratibu, basi. Breki ya ghafla wakati huo ndiyo inayokumaliza.

SWALI: Shikamooni. Kijana wangu amekanyagwa mguu na guta lake mwenyewe akiwa juu yake. Watu wa kijiweni wanacheka, lakini mguu umevimba vibaya. Inawezekanaje? (Mzazi, Ujiji)

JIBU: Marahaba. Inawezekana sana, na wala si jambo la kuchekwa. Dereva wa bodaboda akikaribia kusimama huteremsha mguu ili pikipiki isianguke. Kwenye guta mguu huo unatua mbele kabisa ya gurudumu la nyuma, na chombo kikiwa bado kinatembea, gurudumu linapanda kisigino na kuvuta mguu chini ya bodi. Mara nyingi ni mguu wa kushoto, kwa kuwa wa kulia uko kwenye pedeli ya breki.

Kwanza mguu wenyewe. Kama hawezi kupiga hatua nne, au panauma akibonyezwa kwenye mfupa unaochomoza ndani au nje ya kifundo, apigwe eksirei. Ngozi ikiwa imekaza kama ngoma, vidole vinakufa ganzi na maumivu yanazidi hata baada ya dawa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Uvimbe unabana mishipa ya damu na misuli inaweza kufa ndani ya saa chache. Nyinyi msimkande.

Tabia yenyewe inaondolewa kwa kuupa mguu wa kushoto kazi. Akisimama, aubakishe juu ya pedeli ya gia mpaka awe ameweka nyutro na kuvuta hendibreki. Ndipo ashuke. Fundi wa kuchomelea anaweza pia kuweka kipande cha bomba kati ya ubao wa kukanyagia na bodi, kila upande, kuziba ule mwanya. Ni kazi ndogo, na sisi tungeifanya kwa kila guta kabla halijatoka dukani.

SWALI: Nilipinduka miezi miwili iliyopita nikaangukia kiganja cha kulia. Picha ya siku ile haikuonyesha kuvunjika, nikafungwa bandeji. Nyumbani nimekandwa kwa maji ya moto na mzee mmoja anayeunga mifupa akaninyoosha. Bado panauma chini ya kidole gumba nikivuta breki. Nataka kurudi kazini, kwa sababu guta linasimama lenyewe, halihitaji nguvu. (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Usirudi bado. Na hilo la mwisho ni kinyume chake: bodaboda unaigeuza kwa mwili mzima, guta unaligeuza kwa viganja, viwiko na mabega. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatoke, na guta likipita upande wetu wa kushoto linavutwa kuelekea mtaroni safari nzima. Unalishikilia kwa mikono dakika zote. Mkono mbovu utaliona hilo kabla hujafika sokoni.

Nyoosha kidole gumba juu uangalie ubavu wa kifundo cha mkono. Utaona kishimo kati ya kano mbili. Kibonyeze, ulinganishe na mkono wa kushoto. Kikiuma zaidi cha kulia, kuna mfupa mdogo hapo ambao ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Ndiyo maana anayeshukiwa hufungwa plasta na kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huo hupata damu kwa njia nyembamba. Ukiachwa unaweza usiunge, na kifundo kikaanza kusagika. Nenda hospitali ya mkoa, Maweni, ukiweza. Ueleze ulivyoanguka na uonyeshe kishimo kwa kidole. Ukisema tu "mkono unauma" utapewa dawa ya maumivu urudi nyumbani.

Kuhusu kukandwa: siku mbili za mwanzo maji ya moto huongeza uvimbe. Tumia kitambaa chenye maji baridi dakika 15, kisha pumzisha, na mkono uwe juu kuliko moyo. Kunyooshwa kabla ya kujua kama mfupa umevunjika hatukushauri hata kidogo. Na vijiti vikifungwa hadi vidole vikawa baridi au ganzi, fungua hapo hapo, aliyefunga awe nani.

Muda wa kawaida kwa mtu mzima ni huu: kifundo cha mkono kilichovunjika hukaa kwenye plasta karibu wiki 6, mtulinga huanza kushika wiki 6 hadi 8, lakini kuinua vizito husubiri karibu wiki 12, muundi mara nyingi miezi 4 au zaidi. Kalenda hata hivyo haikupi ruhusa. Jipime guta likiwa limesimama, injini imezimwa, bila kumeza dawa ya maumivu siku hiyo: vuta breki ya mkono kwa nguvu mara 20, geuza stelingi mwisho hadi mwisho mara 10, gurudumu la mbele likiwa kwenye mchanga, kanyaga breki ya mguu kama vile mtoto amekatiza, geuza shingo uone nyuma pande zote mbili. Kimoja kikiuma mpaka ukasita, subiri wiki nyingine. Ukiwa umeandikiwa tramadoli, dawa kali ya maumivu, huendeshi kabisa, kwani inaleta usingizi na kizunguzungu.

SWALI: Guta langu lilipinduka likalala ubavu. Tulipoliinua na kuliwasha likatoa moshi mweupe mzito. Sasa linavuta kushoto hata barabara ikiwa tambarare. Fundi anataka kupasha moto fok (uma unaoshika gurudumu la mbele) na kuinyoosha. (Fundi msaidizi na dereva, Uvinza)

JIBU: Fok isipashwe moto. Chuma kilichopinda kikapashwa na kugongwa kinapoteza ugumu wake, na siku kikikatika kitakatika ukiwa kwenye mwendo. Inabadilishwa. Lakini kabla hujanunua chochote hakikisha ni fok kweli, maana mara nyingi kosa liko nyuma.

Anza na upepo: matairi mawili ya nyuma yawe na presha sawa kabisa, kwa geji, si kwa teke. Weka jeki, nyanyua gurudumu moja moja la nyuma ulizungushe kwa mkono. Moja likizunguka kizito, breki yake imekaba na ndiyo inayovuta. Kisha chukua kamba au futi ya fundi, pima kutoka katikati ya ekseli ya mbele, stelingi ikiwa imenyooka, hadi katikati ya gurudumu la nyuma kushoto, halafu kulia. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, ekseli ya nyuma imehama. Chungulia chini kwenye springi: kuna senta bolti inayoshika majani ya springi pamoja na kuikalisha ekseli mahali pake. Guta likipigwa ubavu, bolti hiyo hukatika kichwa, yubolti (bolti za umbo la U) zikabaki zimeshikilia, na kwa macho kila kitu kinaonekana kizima. Ekseli inateleza nyuma upande mmoja, chombo kinatembea kama kaa. Senta bolti ni spea ya bei ndogo. Ukiibadilisha, yubolti zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Vipimo vikiwa sawa, rudi mbele. Nyanyua gurudumu, geuza stelingi polepole: ikikwama kidogo pale katikati, beringi za stelingi zimejichimbia. Shika miguu ya fok uisukume mbele na nyuma. Ikigonga, zimelegea au zimekufa. Fok iliyopinda utaiona ukisimama hatua tatu mbele: mguu mmoja haulingani na mwenzake.

Moshi mweupe ulitokana na oili iliyopanda juu ya pistoni na kwenye eakilina (kichujio cha hewa) guta lilipolala. Mlikuwa na bahati. Oili ikijaa juu ya pistoni, ukiiwasha kwa nguvu unaweza kupinda fimbo yake. Siku nyingine liinue, lisimame dakika 10 au zaidi, angalia kama petroli au maji ya betri yamevuja, toa plagi, zungusha injini mara kadhaa bila plagi ili oili itoke, safisha plagi na eakilina, pima oili, ndipo uwashe. Breki ya mafuta ukiikanyaga na inabonyea kama sponji, ina hewa, itolewe kwanza.

SWALI: Nabeba madumu 25 ya mawese ya lita 20 kutoka Kibirizi kupanda mjini. Likipanda, mbele panakuwa pepesi. Likishuka, breki zinakufa. (Mfanyabiashara, Kigoma mjini)

JIBU: Dumu moja la lita 20 la mawese ni kama kilo 18. Madumu 25 ni kilo 450, bado hujajihesabu wewe na mpakiaji aliyekaa juu ya mzigo. Angalia kibati cha kiwandani kinachoonyesha uzito wa mwisho wa guta lako, uheshimu namba hiyo hata mteja akilia.

Mbele pakiwa pepesi, mzigo umekaa nyuma mno ya ekseli. Panga madumu kuanzia juu ya ekseli kuja mbele, tabaka moja ikiwezekana, na yaliyojaa yawe katikati. Dumu lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, mafuta yanakimbia upande wa nje wakati wa kona. Jaza au acha tupu. Funga kwa kamba inayopishana, si mpira, kwa kuwa mpira unavutika na mzigo unahama. Wanaobeba dagaa wasijisahau: gunia ni jepesi, lakini yanapandishwa hadi juu ya kichwa cha dereva, na urefu huo ndio unaopindua.

Kwenye mteremko weka kabla ya kuanza kushuka gia ile ile ambayo ungepandia, injini ikushike. Kushuka kwa nyutro ili kubana petroli ndiko kunakoua breki: ngoma inapata joto, breki shuu zinateleza. Ukifika chini usimwagie maji, ngoma itapasuka.

SWALI: Mume wangu alipinduka, akapona, lakini guta halitaki. Usiku anashtuka akipiga kelele, mchana anasema ni uchovu. Ndugu zake wanamwita mwoga. (Mke, Buhigwe)

JIBU: Pole, dada. Kushtuka usingizini na kukwepa chombo wiki za mwanzo baada ya ajali ni kawaida, wala si woga. Ikipita mwezi mmoja bado hivyo, au ameanza kunywa ili alale, aonane na mhudumu wa afya ya akili hospitalini. Muulize pia kama alipoteza fahamu siku ile, hata kwa dakika. Akiwa bado na maumivu ya kichwa, kizunguzungu akitembea haraka, au anasahau vitu vya jana, hapo si hofu tu. Kichwa hakijapona na haruhusiwi kuendesha. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, au usingizi usioamshika, hospitali mara moja.

Akiwa tayari, aanze kwa kukaa juu ya guta lililozimwa, kisha kuliwasha, kisha zile duara za uwanjani tulizomweleza dereva wa Gungu. Mahali alipopinduka apapite kwanza akiwa abiria. Ndugu zake wakae pembeni.

MAJIBU YA HARAKA

Msomaji wa Kibondo anauliza kama helmeti iliyogonga lami inafaa kuendelea. Haifai, hata kama rangi haijachubuka. Povu la ndani likishabonyea halifanyi kazi mara ya pili.

Msomaji wa Kakonko alitibiwa bila PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) na sasa anataka bima. Majeruhi mahututi hupelekwa hospitali kwanza, ndugu akifuata fomu polisi siku hiyo hiyo. Kuichelewesha kunaleta usumbufu mwingi. Ila ujue bima ndogo ya lazima inamlipa yule uliyemgonga. Matibabu yako wewe dereva na fok iliyopinda haiyagusi. Kama unataka guta lenyewe lilipwe, ni bima kubwa, na unaikata kabla ya ajali.